Bunduki ya Saa Sita Mchana

Nilivuta. Naanza na hilo, mengine yatafuata. Hapa Mabira kuna watu ambao hadi leo, wakiniona napita na jembe begani, wananyoosha mkono kama wameshika bunduki, wanakunja kidole cha shahada kidogo, wanakiacha hapohapo hewani kinatetemeka, kisha wanacheka. Baadhi yao ni watoto wa watu niliowachimbia makaburi. Nilivuta mara tatu. Mara ya kwanza nilivuta kama nilivyofundishwa, pumzi nimeishika. Mara ya pili nilivuta kwa hofu. Mara ya tatu nilivuta kwa hasira, na hiyo hasira bado ninayo.

Bunduki yenyewe ilikuwa SAR. Ndivyo tulivyofundishwa kuiita kwenye mgambo, na sijawahi kumwuliza mtu herufi hizo zina maana gani. Ni ndefu, kitako cha mbao, na chini ya mtutu ina kisu kinachokunjwa. Unajaza risasi kumi, unavuta, inalia mara moja, inalitupa ganda yenyewe na kujiwekea risasi nyingine, unavuta tena. Si zile za kumwaga risasi kama mvua ya masika. Hii kila risasi lazima uiombe kwa kidole. Mbao yake ilikuwa imekunywa jasho la watu nisiowajua, na namba zilizogongwa ubavuni zilikuwa zimelika mpaka ukitaka kuzisoma unazipapasa. Ukiniuliza umri wake nitakuambia ni mkubwa kuliko wa bwana afisa aliyekuja kunicheka, na nadhani hata kuliko wa baba yake.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kule kijijini Ndama nilikozaliwa. Mwalimu alikuwa akitupeleka kuchuma kahawa yake, na baba akasema kama elimu ni kuchuma kahawa, hata nyumbani ipo. Basi nikatoka. Lakini mgambo nilisoma. Kule hukufundishwa kwa maneno, ulifundishwa kwa mikono, na mikono yangu haisahau. Nilikuwa naweza kuifungua SAR na kuifunga nimefumba macho, mkufunzi amesimama juu yangu na fimbo. Kwa hiyo mtu asiyejua hata usalama wa bunduki uko upande gani anaponiambia mimi niliganda, nasikia moto unapanda kutoka kwenye visigino.

Sasa kijiji chetu kilikuwa na askari wa wanyamapori wawili, mimi na muramu wangu. Muramu kwetu ni shemeji. Huyu amemwoa dada yangu mdogo, tuliyetoka naye tumbo moja, nami ndiye niliyepokea ng'ombe wa mahari yake baada ya baba kufariki. Wilayani walitupa bunduki moja tukae nayo kwa zamu, wiki yangu, wiki yake, na ilikuwa inalala kwenye kabati la chuma ofisini kwa mtendaji. Bunduki moja na watu wawili, hilo lenyewe ni kosa. Kila mtu ana mkono wake. Wiki yangu ikianza naifungua naikuta ina vumbi, au mkanda umefungwa kinyumenyume, na siwezi kusema sana, kwa sababu muramu si mtu wa kumfokea. Kwetu muramu unaongea naye kwa staha. Unaweza kumtania, lakini kumtukana ni kuitukana nyumba ambayo dada yako anapika.

Na mafuta hayakuwapo. Walitupa kichupa kimoja cha mafuta ya bunduki, kikaisha. Tukaomba kingine, tukaambiwa subirini. Tulisubiri msimu mzima wa kahawa, tukachuma, tukaanika, tukauza, mafuta bado. Mtu wa ofisini anafikiri chuma ni kama karatasi, ukikiweka kabatini kinakaa tu.

Muramu wangu huyo ana sauti. Kanisani kwetu Walutheri anaimba besi, na akiimba madirisha yanamjibu. Na anapenda kusimulia. Babu yake alikuwa mwindaji, na mkuki wa huyo babu anauning'iniza ukutani sebuleni, juu ya redio. Ukikaa kwake, kabla hujamaliza kutafuna kahawa uliyokaribishwa nayo, utakuwa umeshasikia jinsi mkuki ule ulivyomwua chui, na mwaka unaofuata utasikia walikuwa chui wawili. Nimemsikiliza miaka yote hiyo. Nimemsikiliza.

Ikaja habari ya nyati. Dume zee, lililofukuzwa na wenzake kule porini, likashuka likafanya makao kwenye bonde la mafunjo, palepale wanawake wanapochota maji. Nyati wa kundi ana woga, lakini mzee aliyefukuzwa ana kinyongo, na mimi sasa ni mzee, namwelewa. Akamtoboa ndama wa mtu. Akamkimbiza mama mmoja mjamzito hadi akaacha ndoo. Watu wakaja kwangu, maana ilikuwa wiki yangu, Jumatatu, siku ya kwanza.

Tukaingia bondeni alfajiri hiyohiyo, jua bado, ukungu umelala juu ya migomba, na baridi ile yetu ya kipupwe inayokufanya uongee moshi. Mimi na SAR. Muramu na mkuki wa babu yake. Nikamwambia, "Muramu, huo uache nyumbani, hatuendi kwenye harusi." Akacheka, akasema, "Wako ni wa serikali, wangu ni wa ukoo. Tutaona upi unaamka mapema." Nyuma yetu wanaume kama kumi na mbwa.

Nyati alitoka kushoto. Hakukimbia, alitembea, kisha akainamisha kichwa. Alikuwa karibu kama kutoka hapa nilipokaa hadi jikoni. Nikalenga, nikavuta. Tik. Mtu ambaye hajawahi kuisikia hiyo sauti mbele ya nyati, Mungu amwepushe. Ni sauti ndogo sana. Nikaivuta bolti kwa mkono nikaitupa ile risasi, ikaingia nyingine, nikavuta. Tik. Nikaitupa na hiyo. Tik. Hata ya tatu niliitupa. Sasa muramu alikuwa kulia kwangu hatua chache mbele, na nyati alipoona mimi ni kijiti tu akageukia kwake. Pembe iliingia pajani. Mkuki wa babu ulianguka kwenye matope hata haujanyanyuliwa. Mbwa na makelele ya watu ndivyo vilivyomwokoa, nyati akarudi kwenye mafunjo, nasi tukambeba muramu kwa machela hadi barabarani, damu inatiririka kwenye vidole vyangu.

Hospitali wakamshona. Hakufa, Mungu ashukuriwe, hilo nalisema kwa moyo. Lakini alipofumbua macho, watu wamezunguka kitanda, dada yangu ameshika bakuli la uji, mtu akamwuliza ilikuwaje. Akasema, "Nilimwangalia shemeji. Alisimama tu. Hakuvuta."

Nilikuwa mlangoni.

Nikasema, "Muramu, nilivuta mara tatu."

Akasema, "Mimi sikusikia kitu."

"Hukusikia kwa sababu haikulia."

Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa pale akasema, "Bunduki isiyovutwa nayo hailii." Watu wakainama kuficha kicheko. Dada yangu hakuinama. Alinitazama, akaweka bakuli chini, akanipita mlangoni bila kuniamkia. Ni mdogo wangu. Tangu alipojua kusema, hajawahi kuniona asubuhi asiseme shikamoo kaka. Siku ile alinipita kama anapita kisiki. Mengine yote ya watu ningeyameza. Hilo halikupita kooni.

Kesho yake nikarudi bondeni peke yangu, na panga. Watu wakasema nimerukwa na akili. Nilikuwa natafuta risasi zangu tatu nilizozitupa, kwa sababu risasi iliyogongwa ina alama, na alama ingesema kwa niaba yangu. Nilipata mbili, ya tatu iliingia kwenye maji. Nikazigeuza. Katikati ya kitako cha risasi kuna fataki, kile kiduara kinachowasha baruti. Juu ya fataki kulikuwa na kidoa kidogo, kama umebonyeza kwa ukucha. Pini ilikuwa imefika, lakini imefika bila nguvu, kama mtu aliyebisha hodi huku anaogopa kufunguliwa. Nikazibusu zile risasi. Nasema ukweli, nilizibusu, na matope yake.

Nikazipeleka kwa mtendaji, mtendaji akapiga simu wilayani, nikaitwa pamoja na bunduki. Mtendaji akaikumbatia yeye, mimi nyuma yake, tukapanda bodaboda, jua linatuchoma njia nzima, tukafika saa sita. Bwana afisa wa wanyamapori alikuwa kijana wa Bukoba, viatu vinang'aa, ametoka kula. Kuniamkia aliniamkia, adabu alikuwa nayo, sikatai. Akatutoa nyuma ya ofisi kwenye kichuguu, akajaza risasi tano, akalenga. Pa, pa, pa, pa, pa. Zote tano. Maganda yakaruka kama bisi.

Akanigeukia. "Mzee wangu, bunduki ni nzima. Labda kidole ndicho kibovu."

Mtendaji akacheka. Ofisi nzima ilikuwa dirishani.

Nikatoa risasi zangu mbili. "Hizi ziligongwa bondeni zikagoma. Tazama alama."

Akazitazama. "Risasi za zamani, mzee. Zinakufa." Akaweka moja, akavuta. Pa. Ililia kama mpya. Akasema, "Hii mbona haikufa?"

"Ndiyo ninayokuuliza."

"Na alama hii mtu anaweza kuipiga kwa msumari."

Hapo nilitaka kumpiga. Nimeishi miaka mingi, nimekosa mengi, nimekunywa lubisi ya watu, ile pombe ya ndizi, nikalala njiani, lakini sijawahi kukaa chini na msumari nikatengeneza uongo. Nikakunja ngumi ndani ya mfuko wa koti, nikakuta ile risasi ya pili, nikaishika hadi nikarudi nyumbani.

Siku zile sikuwa mtu. Nilikuwa nakata migomba isiyostahili kukatwa. Mke wangu alikuwa anaweka chakula anaondoka. Nikienda kwenye lubisi mtu ananiachia kiti na kusema, "Mpisheni mzee, asije akagandia hapo mlangoni." Nilipokwenda kwa dada yangu kumpa pole ya mumewe, alinikaribisha kwa mkono, siyo kwa mdomo, na hakunitolea hata kahawa ya kutafuna. Kwetu hata adui anatolewa kahawa. Nilikaa pale natazama msumari mtupu uliokuwa na mkuki, nikaondoka.

Lakini kichwa kilikuwa kinasaga. Bondeni iligoma mara tatu, wilayani ililia mara sita. Risasi ileile iliyogoma ikalia. Kwa hiyo si risasi. Mkono haukuwa wangu kule wilayani, lakini chuma hakijui mkono wa nani, nyundo ikiachiwa imeachiwa. Springi ya nyundo? Springi iliyochoka huchoka saa zote, haichoki asubuhi ikapona mchana. Nikalisema hilo kwa sauti, peke yangu, shambani, nimeshika mgomba: haichoki asubuhi ikapona mchana. Basi nikajua ni kitu cha asubuhi, cha baridi.

Nyati naye hakuondoka. Wanawake wakawa wanazunguka mbali kuchota maji, wakalalamika, na bwana afisa akatumwa aje amalize kazi mwenyewe. Alifika jioni, akalala kwa mtendaji, na bunduki, iliyokuwa imebaki wilayani, ikarudi kwenye kabati la ofisini. Alfajiri nilikuwa nimeshasimama mlangoni kwao kabla jogoo hajamaliza. Akatoka amejifunga shuka.

Nikamwambia, "Bwana afisa, kabla hujaingia bondeni, ijaribu sasa hivi. Ukinywa chai kwanza nitakuwa mwongo tena."

"Mzee, wewe hukati tamaa."

"Nyati naye hakati."

Nadhani hilo ndilo lililomgusa. Tukapita ofisini, akaitoa kabatini, baridi kama jiwe la mtoni. Tukaenda kwenye ngema wanapochimba udongo wa matofali. Akalenga ngema. Akavuta. Tik.

Hakuishusha, na kwa hilo nilimheshimu. Alibaki ameielekeza palepale, akasubiri, maana risasi nyingine huchelewa ndipo ilie. Haikulia. Akaitupa, akavuta nyingine. Tik. Mtendaji aliyekuwa anapiga miayo akafunga mdomo.

Bwana afisa akaishusha, akanigeukia. Kisha akasema, "Mzee wangu, samahani."

Nilifurahi? Sikufurahi. Nilitamani dada yangu angekuwa amesimama pale. Samahani ya kijana wa Bukoba naifanyia nini.

Tukatoa risasi zote. Nikakata jani la mgomba, nikalitandaza chini, nikaifungua bunduki mimi mwenyewe, macho wazi safari hii. Nikatoa bolti. Bolti ni kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma, kinaisukuma risasi na kuifungia mlango. Ndani yake kuna tundu jembamba, na ndani ya tundu kuna pini. Ukivuta, nyundo inaigonga pini, pini inaruka mbele na kuigonga fataki. Na kwenye hii ya kwetu pini haishikwi na kitu, inaelea tu, ukiitikisa bolti karibu na sikio lazima uisikie inacheza, kacha kacha. Mkufunzi alitufundisha kuisikiliza kila asubuhi. Mimi Jumatatu ile sikuisikiliza. Hilo ni kosa langu, nimelikubali, sitalirudia kulisema.

Nikaitikisa. Kimya. Nikampa bwana afisa, akaitikisa. Kimya. Nikaichukua, nikaitia kwapani chini ya koti, nikakaa nayo kama kuku anayeatamia. Bwana afisa akaulizia chai. Alipofika katikati ya kikombe nikaitoa, nikaitikisa sikioni mwake. Kacha.

"Grisi," akasema. "Imeganda kwa baridi. Ikipata jua inayeyuka."

Nikaigonga ile pini ikatoka kwa msumari, ndiyo, kwa msumari, nikamwonyesha, akaangalia pembeni. Ilitoka imevaa kitu cha manjano, kizito, chenye vumbi jeusi. Nikakifuta kwa kitambaa. Nikakileta puani, kama mtu yeyote wa chuma anavyofanya.

Haikuwa grisi.

Ngoja nieleze jambo la kwetu. Maziwa hatuyaweki kwenye chombo kitupu. Kibuyu kinaoshwa, kisha kinafukizwa moshi wa nyasi, wengi wanatumia mburara, na kila nyumba ina namna yake ya kuongeza. Mama yangu alikuwa anaongeza gome la mti mmoja ambao sitautaja. Maziwa ya mama, siagi yake, samli yake, vyote vilikuwa na moshi ule, na ungenifunga macho ukanipitisha vijiji vyote hadi Kamuli ningekuambia hapa ndipo. Mama alikufa zamani. Aliyebaki na ule moshi ni mtu mmoja tu duniani, na huyo mtu hakuwa ananiamkia.

Nilikuwa nimechuchumaa juu ya jani la mgomba, nimeshika harufu ya mama yangu kwenye kitambaa, na damu inanichemka. Kwa sababu nililiona lote mara moja. Wiki yake. Mafuta hayapo. Kutu imeanza. Na mkuki wa babu yake, ambao kila mwaka anausugua samli ung'ae, mbele ya wageni, akisema chuma cha mwanaume hula anachokula mwanaume. Akachukua samli ya mke wake, akaiyeyusha, akaimimina kwenye bunduki ya serikali kama anayenywesha ndama. Kisha akairudisha kabatini Jumapili. Kisha akalala kitandani hospitali, mbele ya watu, akasema hakuvuta.

Bwana afisa akauliza, "Ni grisi ya wapi hii? Mliitoa wapi?"

Kinywa changu kilikuwa wazi. Jina lilikuwa kwenye ulimi. Nikamwona dada yangu anasimamishwa ofisini kueleza samli yake.

"Grisi tu, bwana afisa," nikasema. "Ya zamani."

Tukaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, tukakausha, tukafunga. Bolti ikacheza kacha kacha kama njuga. Tukaijaribu baridi vilevile, ikalia mara mbili kwenye ngema. Bwana afisa akanikabidhi. "Twende wote. Wewe ndiye unayeijua." Nyati alikuwa palepale. Nilivuta mara mbili, akalala. Na unajua walichosema watu, huku wanagawana nyama, mikono imejaa damu ya mnyama niliyemwua mimi? Mmoja akasema, "Leo kavuta." Na wote wakacheka, na nyama wakaibeba.

Sikubeba nyama. Nilikwenda kwa dada yangu na kile kitambaa. Alikuwa anamenya ndizi za kupeleka hospitali. Hakuinua kichwa.

Nikasema, "Nusa hiki."

"Nina kazi."

"Mimi ni kaka yako. Nusa."

Alifuta mikono, akanusa. Akanusa tena, safari hii ameyafumba macho, na nikajua yuko kwa mama, kama nilivyokuwa mimi.

"Hii ni yangu," akasema.

"Imetoka ndani ya bunduki. Ilikuwa imeishika pini isiende. Nilivuta mara tatu."

Alikikunja kitambaa. Kisha akasema polepole, "Aliniomba kikombe. Alisema ni ya mkuki."

"Ulimpa kikombe kizima?"

"Nilimpa. Nikamwambia hiyo inatosha mikuki ya ukoo mzima."

Nikaanza kusema. Nilisema yote, ya besi yake kanisani, ya chui mmoja aliyezaa chui wawili, ya kidole kinachotetemeka barabarani. Nilimwambia mkuki hauna pini, mkuki hauna tundu, mkuki ni chuma na mti, hata mbuzi anaelewa. Nilivunja staha yote ya muramu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Dada yangu aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Kaka, usiliseme kwenye mkutano wa kijiji. Wilayani wakijua watamfukuza, na mguu ule hautamrudisha shambani. Mimi najua ulivuta. Nakuomba."

Na akainama, akasema, "Shikamoo kaka." Ilikuwa jioni, tumeshaongea, hapakuwa mahali pa salamu. Akaisema hivyo hivyo.

Nikasema marahaba. Na nikamwahidi.

Muramu akarudi na gongo la kutembelea. Mkewe alimwambia, najua alimwambia, kwa sababu kwenye mkutano wa kijiji aliomba kusema, akasimama, akatoa ile sauti yake. Akasema, "Ndugu zangu, nilimdhania vibaya shemeji yangu. Alivuta. Bunduki iligoma kwa sababu ilikuwa imepakwa samli." Akakaa. Basi. Imepakwa. Imepakwa na nani? Sentensi haina mtu. Watu wakageuka wakanitazama mimi, maana ilikuwa wiki yangu, na mkutano mzima ukaangua kicheko hadi mwenyekiti akagonga meza. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mzee, na siku ile ungeitia chumvi." Muramu alikuwa anatazama gongo lake. Dada yangu alikuwa ananitazama mimi.

Nilikaa kimya. Ilinigharimu kuliko nyati.

Kwa hiyo sasa hapa Mabira mimi ni yule mzee aliyepika bunduki. Wanaokunja kidole wanakunja kidole, na wapya wanauliza samli ni bei gani. Niliahidi sitasema mkutanoni. Kuhusu daftari hili ninaloandika sikuahidi kitu.

Wiki ile ya mkutano dada yangu alikuja asubuhi, akaniamkia mlangoni, akaweka kibuyu kidogo mezani, akaondoka. Sikukigusa siku tatu. Nilikigeuzia ukuta. Siku ya nne mke wangu, ambaye hana subira na ugomvi wa watu, aliunga maharage kwa samli ya kile kibuyu bila kuniuliza. Nilitambua kabla sijaketi, kuanzia uani. Nilikula sahani mbili. Yalikuwa matamu kama ya mama, na hilo nalo liliniudhi.